Hitima ya Kitabu cha Mbuzi

Majuzi nilikwenda kilioni kwa jirani yetu, na mwanamke aliyekuwa akigawa juzuu akanipa yangu kutoka sandukuni. Nilipoifungua, harufu ya karafuu ikanipanda puani. Nyumbani kwetu Kasongo tulikuwa tunatia karafuu katika sanduku la juzuu ili wadudu wasile karatasi, na naona jirani naye ana desturi hiyo hiyo. Nilisoma sehemu yangu inavyotakiwa, midomo ikienda, kichwa kimeinama. Lakini Mungu anisamehe, moyo wangu ulikuwa umeshaondoka pale mkekani. Ulikuwa umekwenda kumfuata mbuzi.

Kwa asiyelelewa katika nyumba kama yetu, nieleze kidogo. Mtu akifa, Msahafu husomwa wote kwa ajili yake, lakini hausomwi na mtu mmoja. Umegawanywa vijitabu thelathini vyembamba, kila kimoja ni juzuu, na waliokuja hugawiwa. Wote husoma kwa wakati mmoja, kwa sauti ya chini, kila mtu na mahali pake, na ukiwa nje ya ua unasikia mvumo mmoja tu, kama wa mashine ya kukoboa mpunga iliyo mbali. Anayemaliza upesi humsaidia anayechelewa. Juzuu zote zikisharudi sandukuni, hapo ndipo maalimu huinua mikono, akamtaja marehemu kwa jina lake na la baba yake, akaomba thawabu za kisomo zimfikie. Hiyo ndiyo hitima. Halafu watu wanakula wali, wanakwenda zao.

Nilipokuwa mtoto niliyaona hayo mara nyingi, nikajitungia elimu yangu mwenyewe. Niliamini kwamba vitabu vyote husomwa hivyo, kwamba kitabu ni kitu cha watu wengi na kila mmoja ana kipande chake. Tena niliamini kwamba kinachosomwa kinafika. Hakuna aliyenifundisha vibaya. Hakuna aliyejua kuwa nawaza hayo, sasa nani angenisahihisha?

Kitabu cha kwanza nilichokipenda hakikuwa na jalada. Hatukujua jina lake wala nani alikiandika. Kurasa zake zilikuwa zimeshonwa upya kwa uzi mweusi, ule wa kushonea magunia, na aliyeushona ni mama. Sisi tulikiita Kitabu cha Mbuzi. Mama alikuwa anakisoma alasiri, uani kwetu, wanawake wa jirani walipokuja kupepeta mpunga. Yeye hakupepeta. Wenzake walimfanyia sehemu yake ya kazi ili awasomee, na shangazi yangu, dada wa baba aliyekuwa akiishi nasi, alisema huo ni uvivu uliopewa cheti. Hata hivyo yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuketi na ungo wake kila siku.

Kilikuwa hadithi ya mjane mmoja aitwaye Tabu. Mbuzi wake wa pekee, mweupe mwenye sikio moja jeusi, aliibwa, na Tabu akajifunga kibwebwe akaanza kumfuata soko hadi soko. Kila anapofika, mbuzi ameshauzwa kwingine, na kabla Tabu hajaondoka ameshaingizwa katika mambo ya watu. Mara anasuluhisha wake wenza, mara anashikwa awe shahidi barazani, mara anapikia harusi ya watu asiowajua na bwana harusi anatoroka. Mama aliwapa watu wote hao sauti zao. Mwizi alikuwa anaongea kwa pua. Wanawake walicheka mpaka mchele ukamwagika, na mimi niliyekaa nimeegemea ubavu wa mama nilikuwa nakisikia kicheko chake kikianza tumboni kabla hakijafika mdomoni. Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, vingine vya maana kuliko kile, lakini sijapata tena mahali pazuri pa kukaa wakati wa kusoma.

Alikuwa na tabia ya kukata hadithi pale inapokolea. Anatia kipande chekundu cha kikwembe, kile kitambaa tunachojifunga kiunoni, kati ya kurasa, anafunga kitabu, anakwenda kutazama sufuria. Wakimlalamikia anawajibu, "Mbuzi haitakimbia. Mungoje." Kuchungulia kurasa za mbele wakati yeye hayupo kulikuwa kukosa adabu, na mimi, ingawa nilijua kusoma, sikuthubutu. Baba yangu, mtu wa duka na wa safari, alikuwa anapita katikati yetu na mizigo yake akisema siku moja atarudi akute wanawake wote wa mtaa wamegeuka mbuzi, wanakula majani. Hakuketi hata mara moja kusikiliza. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyatumia dukani.

Mama aliugua mvua zilipokuwa zinaisha. Sina haja ya kusimulia ugonjwa; kila mmoja wetu wa umri huu ana wake wa kusimulia. Siku za mwisho alijaribu kusoma akiwa amelala, macho yakakataa. Shangazi akataka kumsomea, mama akasema hapana, atasoma mwenyewe akipata nafuu, tena ana hamu sana ya kujua kama Tabu atampata mbuzi wake. Hakupata nafuu. Alipozikwa, kipande kile chekundu kilikuwa bado palepale, pamebaki kama robo ya kitabu.

Siku ya hitima nyumba ilijaa. Nilikaa miguuni pa shangazi, nikamwuliza haya yote wanayosoma yanakwenda wapi. Akanifuta uso kwa ncha ya kitambaa chake, akaniambia yanamfikia mama yako, yote, hakuna herufi inayopotea. Nikamwuliza kama ni kweli. Akasema ni kweli.

Basi nikakaa na maneno hayo siku kadhaa, nikayageuza kwa akili yangu ya mtoto. Mambo ya roho ya mama wakubwa walikuwa wameyashughulikia, na mimi sikuwa na wasiwasi nayo. Wasiwasi wangu ulikuwa mbuzi. Mama ameondoka bila kujua mwisho, yeye aliyekuwa na hamu kuliko sisi sote, na huko alikokwenda hakuna wa kumwambia. Kama kisomo kinafika, kwa nini hiki kisifike? Niliona jambo lenyewe ni wazi kabisa, nikashangaa tu kwamba hakuna mkubwa aliyelifikiria.

Niliukata ule uzi mweusi kuanzia penye kikwembe, nikagawa kurasa zilizobaki mafungu matano. Wala sikuona kama naharibu kitabu. Nilikuwa nakiandaa kusomwa. Kusoma peke yangu sikukuwazia hata kidogo. Kumsomea mama peke yangu kungekuwa kama kumzika bila watu. Nikawaita wenzangu wanne. Watatu tulisoma nao chuo cha maalimu, na wa nne alikuwa Furaha.

Furaha alikuwa mtoto wa wakulima Wakristo wa upande wa Kabambare. Wazazi wake walimleta Kasongo kwa mama yake mkubwa, nyumba ya nyuma ya yetu, ili asome. Kwao walisema Kibangubangu, na Kiswahili cha kitabuni alikisoma taratibu, kidole chini ya kila neno. Tulimcheka kwa ajili ya kidole hicho. Lakini neno lililopita chini ya kidole cha Furaha halikutoka tena kichwani mwake, wakati sisi wa mbio tulikuwa tunasahau kabla ya kufunga ukurasa.

Alasiri hiyo tulitawadha wote, Furaha naye, tukafunga vitambaa kichwani. Nilichukua ubani kidogo katika chetezo cha shangazi, nikauchoma. Tukapika wali katika kopo nyuma ya nyumba, maana hitima bila wali nani ameiona. Kisha tukaketi mkekani, nikagawa mafungu, tukaanza kwa pamoja. Fikirini wenyewe: watoto watano wanasoma kwa sauti, kila mmoja sehemu yake ya hadithi hiyo moja, kwa wakati mmoja. Kwangu Tabu ameanguka mtoni, kulia kwangu anashonewa gauni, kushoto kwangu mwizi analia kwamba naye ana watoto. Hakuna aliyeelewa kitu na hakuna aliyejali. Tulijua kuwa kisomo lazima kikamilike. Mengine hayakuwa na haraka.

Wenzangu wakamaliza, nami nikamaliza. Furaha alikuwa bado. Yeye alifika wa mwisho, kwa hiyo nilimpa fungu la mwisho, lile lenye mwisho wa hadithi. Tulitaka kumsaidia kama wakubwa wanavyofanya, lakini akazikumbatia karatasi zake, akasema hizi ni zake, atamalizia nyumbani. Sikuweza kuinua mikono. Dua haiombwi juzuu moja ikiwa nje. Tulikula ule wali, lakini haukuwa wali wa hitima, ulikuwa wali tu.

Tukiwa tunakula, mmoja akauliza, kwako Tabu alikuwa anafanya nini? Hapo likaanza jambo ambalo nalishukuru mpaka leo. Kila mmoja alikuwa na kipande, na hakuna aliyeweza kuelewa chake bila cha mwenzake. Siku zilizofuata, njiani tukienda masomoni, kisimani, popote, tulikuwa tunadaiana hadithi. Aliyekuwa na gauni alitaka kujua limelowa vipi. Mimi niliyekuwa na mto nilitaka kujua gauni limetoka wapi. Tulibembelezana, tulinuniana, tukarudiana. Mpaka sasa mimi kusoma kitabu kimyakimya mwanzo hadi mwisho, nikakifunga, nikalala, siwezi. Nauza vikwembe sokoni, na chini ya meza yangu kitabu hakikosi. Mteja akiondoka nakifungua, na nikifika penye utamu nawageukia wauzaji wenzangu. Jirani yangu wa kushoto, muuza mawese, hajawahi kushika kitabu, lakini akikuta nimekaa kimya huniuliza tumefika wapi. Anasema tumefika, siyo umefika. Nasikia raha sana anaposema hivyo.

Mwisho wa hadithi, basi, ulikuwa kwa Furaha, na Furaha alikuwa hana haraka. Kila nikimwuliza alisema bado kidogo. Halafu siku moja nikarudi kutoka masomoni nikaambiwa baba yake amekuja na pikipiki kumchukua. Mama yake amejifungua, anahitaji mtu wa kumshikia mtoto. Wamekwenda Kabambare tangu asubuhi. Nilikimbia kwa mama yake mkubwa, nikatazama alipokuwa analala. Mkeka ulikuwa umekunjwa, na zile karatasi hazikuwapo.

Shangazi aliona siku hizo sili vizuri, akadhani ni majonzi. Yalikuwa majonzi, ndiyo, lakini yalikuwa na umbo ambalo yeye hakulijua. Mimi nilikuwa namwona mama amekaa mahali fulani, mikono juu ya mapaja, amefika pale ambapo fungu letu la nne linaishia, anangoja. Aliyetungojesha sisi na mbuzi wake miezi yote ile, sasa anangoja yeye, na aliyemkatia hadithi ni mimi. Nilikuwa namwonea huruma sana.

Baba alikuwa akienda Kabambare na chumvi, sabuni na betri, akirudi na maharage na mawese. Nilimwomba anichukue. Shangazi akakataa kabla baba hajafungua mdomo, akasema barabara ile hata wanaume inawatoa machozi, sembuse mtoto wa kike. Nilimwambia baba nataka kumwona Furaha, na huo haukuwa uongo. Akasema nitafute sweta.

Barabara ilikuwa kama shangazi alivyosema. Mahali pa tope tulishuka, baba akasukuma pikipiki na mimi nikasukuma baba. Tulilala Lusangi kwa jamaa zake, tukala bukari, ugali wa kwetu, na sombe la majani ya muhogo, na watu waliorudi kutoka machimboni, udongo mpaka kwenye nyusi, walinipa nafasi karibu na moto kana kwamba mimi ni mgeni wa maana. Njia nzima baba hakusema zaidi ya shuka, panda, shika. Tangu mazishi alikuwa hivyo. Hakuwahi kumtaja mama, si kwa jina lake, si kwa kusema mama Hawa kama mtaa wote ulivyomwita kwa ajili yangu. Alikuwa amemfunga mahali, na funguo nadhani alizitupa. Mimi nilifikiri amemsahau, na jambo hilo sikumsamehe.

Kwao Furaha kulikuwa karibu na mwisho wa mji, nyumba ya matofali mabichi na uwanja uliofagiwa. Alikuwa amembeba mtoto mgongoni, anabambua karanga. Mama yake alimletea baba kiti na maji, wakaanza kuulizana habari za njia. Mimi, aibu kusema, hata salamu sikumaliza. Nilichuchumaa mbele ya karanga zake nikamwuliza kama amesoma.

Akasema amesoma.

"Yote?"

Akainamisha kichwa. Mikono yake iliendelea na karanga. "Nilisoma yote. Nilibakisha tu karatasi moja, ya mwisho."

Nikamwuliza, kwa sauti iliyowafanya wakubwa wageuke, kwa nini, kama alikuwa anajua mama anangoja. Furaha hakukasirika. Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akajibu polepole, kana kwamba maneno nayo yalikuwa na kidole chini yake.

"Siku ya kilio kwenu, niliona. Watu walikuwa wengi, wanasoma, wanasoma. Mama yako alikuwa kama bado iko pale. Halafu wakamaliza, wakakunja mikeka, wakakula, wakaenda kwabo. Nyumba ikabaki wazi. Njo nikasema, nikimaliza na hii, mama Hawa atabaki na nani?"

Mimi niliona hitima kutoka ndani, juu ya mkeka, ambako mambo yanakamilika. Yeye aliiona kutoka nje ya ua, ambako watu wanaondoka. Wakati nilipokuwa namlaumu Furaha moyoni kila siku kwamba amemsahau mama yangu, mtoto huyu wa watu alikuwa amemweka. Amempeleka mpaka kwao, kwa pikipiki, kwenye tope lile, na kila siku amejizuia asisome ukurasa mmoja, na yeye mwenyewe anataka kujua habari za mbuzi. Nililia pale mbele ya karanga bila kujificha. Katika watu ninaowashukuru duniani, Furaha yuko mbele kabisa.

Baba alikuwa ameweka kikombe chini. Akauliza ni karatasi gani. Ilibidi nimweleze yote: uzi niliokata, ubani niliochukua, kopo la wali, mafungu matano. Nilieleza nikitazama viatu vyake, nikingoja aniambie kwamba dini si mchezo na mbuzi haombewi hitima. Baba akafuta viganja vyake kwenye suruali, akanyoosha mkono.

"Ileteni," alisema.

Furaha akanitazama. Nikamkubalia kwa kichwa. Akaingia ndani, akatoka na kitabu cha nyimbo cha mama yake, na ndani ya kitabu hicho karatasi ilikuwa imenyooka, safi, haina hata alama ya kidole. Baba akaishika kwa mikono miwili, akasoma kwa sauti yake ile ya dukani, isiyopanda wala kushuka. Tabu anafika kwenye kibanda cha mwizi. Mwizi hayupo, watoto wake wapo, wadogo, wanakunywa maziwa, na mbuzi mwenye sikio jeusi amefungwa mlangoni na mwanawe pembeni. Tabu anaomba maji. Anakunywa. Hasemi mbuzi ni wake. Anaomba apewe yule mbuzi mdogo, wanampa, anarudi naye kwao akiwa amembeba. Majirani wanamwuliza mlangoni kama amempata mbuzi wake. Anawajibu, nimepata wa kurudi naye.

Hapo ndipo ukurasa ulipoishia. Baba aliendelea kuutazama kana kwamba kuna mistari mingine chini. Halafu akauweka juu ya goti na, mbele ya mama Furaha, mbele ya kuku na karanga, akainua mikono. Sisi tukainua yetu.

"Ee Mungu," alisema, "umurehemu Aziza binti Ramazani. Na kama iko kitu hapa cha kumuchekesha, kimufikie."

Aziza. Nilikuwa karibu kusahau kwamba mama alikuwa na jina. Tukasema amina wote, sisi na wao. Mama yake Furaha akaingia jikoni, akatoka na wali, na wali huo ulikuwa na ladha yote ambayo ule wa kopo uliikosa. Nilimpokea Furaha mtoto ili ale kwa raha. Alikula kidogo, akaniambia sikioni kwamba angekuwa yeye ndiye Tabu, angewachukua wote wawili, mama na mtoto. Tulicheka. Tulikuwa bado tunabishana juu ya hilo siku iliyofuata, baba alipowasha pikipiki.

Tulikuwa tumeshauacha mji nyuma kitambo, mimi nimemshika kiunoni, karatasi iko ndani ya sweta yangu, aliposema kitu ambacho upepo ulikichukua. Nikamwomba arudie.

"Kile kitabu nilikileta mimi," alisema, akigeuza kichwa kidogo. "Ilikuwa ndani ya makaratasi ya kufungia. Zile za mwanzo nilifungia sukari mu duka, kabla mama yako hajakiona. Mwanzo haiko. Sasa yeye alikuwa anaanzaka namna gani?"

Sikuelewa mara moja. Mwanzo nilikuwa naujua kuliko sehemu yoyote. Mama aliusimulia kila alipojiunga mwanamke mpya uani. Ilinichukua muda, nimeegemea mgongo wa baba, kufahamu kwamba hakuna karatasi iliyokuwa na maneno hayo. Yalikuwa ya mama. Aliyatunga mwenyewe ili kitabu kiwe na mlango, na sisi sote tukaingilia hapo bila kujua. Kwa hiyo katika kitabu cha kwanza nilichokipenda, sehemu niliyoipenda zaidi haikuandikwa popote, na mtu aliyebaki anayeijua kwa moyo alikuwa mimi.

Nikasogeza mdomo karibu na sikio la baba, nikaanza kama mama alivyokuwa akianza. Mbuzi alizaliwa siku ya mvua kubwa, chini ya kitanda cha Tabu, na wakati huo Tabu alikuwa bado na mume. Mume huyo alikuwa mtu wa maneno machache. Alipita nyumbani na mizigo yake akisema hataki mbuzi ndani, mbuzi ni wa nje, watu watatucheka. Lakini Tabu alikuwa anamwona. Kila mume huyo anaporudi safari, akidhani hakuna anayemtazama, anainama chini ya kitanda na chumvi kidogo katika kiganja, anangoja mbuzi amalize kuilamba.

Baba akapunguza mwendo. Pale barabara ilikuwa kavu, na nzuri kabisa.